Mpaka wa Kustahimiliana: Safari ya Mwanafunzi wa Mwisenge

Mwaka 1934 mtoto wa miaka 12 aitwaye Kambarage, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, aliondoka kwao Butiama akaenda kuanza masomo katika shule ya Mwisenge, mjini Musoma, kando ya Ziwa Nyanza. Mwendo baina ya nyumbani na shule ulikuwa wa maili 26 hivi. Lugha aliyotoka nayo kwao ilikuwa Kizanaki. Kiswahili alikikuta shuleni. Nchi ya Mara ni nchi ya makabila mengi, na mengi kati yao ni madogo: Wazanaki, Wajita, Wakwaya, Waruri, Waikizu, Wakurya, Wajaluo na wengineo. Mtoto aliyetoka katika kabila dogo namna hiyo, akaingia katika darasa la lugha isiyokuwa ya mama yake, hana budi kujifunza mapema kwamba duniani wamo na wengine, na kwamba naye kwa hao wengine ni mgeni.

Mtoto huyo alibatizwa jina la Julius mwaka 1943, akawa mwalimu, akawa kiongozi wa TANU, akawa Rais. Kwetu visiwani jina lake halitajwi kwa sauti moja. Wapo wanaolitaja kwa heshima, na wapo wanaolitaja kwa uchungu, na kila upande una sababu zake. Makala haya hayakukusudiwa kumpamba wala kumshitaki. Nimemchagua kwa sababu alilazimika mara kadhaa, mbele ya watu, kujibu swali ambalo jamii nyingi hulikwepa: ni yapi tuyastahimili na ni yapi tuyakatae, na nani apewe kazi ya kuuweka mpaka baina ya hayo mawili? Majibu aliyoyatoa hayakuwa sawa miaka yote, na katika tofauti ya majibu hayo limo funzo letu.

Tuanze na neno lenyewe. Neno stahimili limetujia kutoka Kiarabu, na shina lake ni lile lile lililotupa himili na hamali. Kwa asili ya neno, basi, kustahimili ni kubeba. Aliyeishi karibu na bandari anajua kuwa hamali hodari hakubali kila mzigo anaotwishwa. Huutazama kwanza, akaupima uzito, akauliza kilichomo, kwani ipo mizigo inayomchosha mchukuzi na ipo inayomvunja mgongo. Jamii nayo ina mizigo ya namna mbili. Upo mzigo wa kuishi na mtu asiyefanana nasi kwa rangi, dini, kabila au rai. Mzigo huo unachosha lakini hauui, na anayeuzoea huona kuwa umempa nguvu. Upo pia mzigo wa dhuluma, ambao kila siku ya kuubeba huongeza uzito wake. Tumezoea kumwambia mnyonge kwamba mstahimilivu hula mbivu; ni nadra kumsikia mtu akimwambia hivyo mwenye nguvu.

Wanafikra wa Ulaya nao walihangaika na swali hili. John Locke, Mwingereza, aliandika mwaka 1689 barua mashuhuri ya kutetea uhuru wa madhehebu, kisha ndani ya barua hiyo hiyo akawatoa nje ya uhuru huo wasioamini Mungu, pamoja na wale ambao imani yao iliwafunga kumtii mtawala wa nchi nyingine, maneno ambayo wasomaji wake waliyaelewa kuwa yanawahusu Wakatoliki. John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu uhuru, aliweka mpaka mahali pengine: jamii haina haki ya kumzuia mtu kwa nguvu isipokuwa kwa kuwakinga wengine na madhara. Mwanafunzi wetu wa Mwisenge aliyasoma maandishi ya Mill alipokuwa Makerere baina ya mwaka 1943 na 1945, akayatumia katika insha aliyoandika kuhusu hali ya wanawake katika jamii yake. Mwaka 1945 Karl Popper, mzaliwa wa Austria aliyekuwa amekimbilia New Zealand, alitoa kitabu ambamo, katika maelezo ya pembeni, alionya kwamba jamii inayostahimili kila kitu, hata wale waliojiandaa kuuvunja ustahimilivu wenyewe, mwisho wake itaangamizwa nao. Onyo hilo hunukuliwa sana. Sharti lake hunukuliwa kwa nadra, nalo ni hili: maadamu hoja zinaweza kujibiwa kwa hoja, na rai ya umma inaweza kuwadhibiti wenye chuki, kuwanyamazisha kwa nguvu si busara. Naomba msomaji aliweke sharti hilo kumbukumbuni, kwani tutalihitaji.

Tanganyika ililetewa mtihani wake kabla ya uhuru. Waingereza waliandaa uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 kwa utaratibu wa kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Watu wa asili ya Ulaya na Asia nchini hawakufika 2 katika kila watu 100, na bado walitengewa viti sawa na Waafrika. Wanachama wengi wa TANU waliuona utaratibu huo kuwa ni tusi, wakataka chama kisusie. Katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958 Nyerere aliwashawishi wakubali kuingia. Hoja yake ilikuwa ya mwanasiasa: kwa kuingia wangeshinda viti vyote, vya rangi zote, na kuuvunja utaratibu huo kutoka ndani. Ikawa hivyo. Lakini Zuberi Mtemvu, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa TANU, hakukubali. Alitoka akaunda chama chake cha African National Congress, akidai Afrika iwe ya Waafrika peke yao.

Ukafika mwaka 1961, na hapa yafaa tukumbuke hali yetu wenyewe. Mwezi wa Juni mwaka huo, Unguja, uchaguzi uliishia katika fujo zilizoua watu 68. Majirani waliokula sahani moja walitazamana kwa nasaba, na waliokufa wengi wao walikuwa Waarabu. Wala yaliyotokea Januari 1964 hayakuanza siku ile. Mbegu yake ilikuwa imekwisha kumwagiwa maji miaka mitatu kabla. Kwa hiyo swali lililoingia katika Bunge la Tanganyika mwezi wa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, halikuwa la kinadharia. Serikali ilileta muswada wa uraia. Aliyezaliwa Tanganyika, na mzazi wake mmoja akawa naye kazaliwa humo, angekuwa raia siku ya uhuru bila ya kuulizwa rangi. Wengine waliokuwa wamefanya maskani nchini wangefunguliwa mlango wa kuomba. Baadhi ya wabunge, na wengi wao walikuwa watu wa TANU, walisimama kupinga. Walitaka uraia uwe wa Waafrika kwanza. Walikumbusha ya ukoloni: nani alikuwa na duka, nani alikuwa na shamba, na nani alikuwa mtumishi. Kumbukumbu zao hazikuwa za uongo.

Jibu la Nyerere, aliyekuwa Waziri Mkuu, lilikuwa kali kuliko lolote alilowahi kulitoa Bungeni. Alisema kuwa uraia lazima ufungamane na utii kwa nchi, na kwamba anayeufunganisha na rangi ya ngozi anafanya kile kile ambacho wamekuwa wakikipinga kwa wakoloni. Aliwafananisha wanaotukuza rangi na Hitler. Kisha akaweka cheo chake rehani: Bunge likiikataa kanuni hiyo, serikali yake itajiuzulu. Muswada ukapita.

Tuliangalie tukio hili kwa makini, kwani mpaka uliowekwa siku ile uliwekwa mahali pake. Nyerere hakusema kwamba Wahindi, Waarabu na Wazungu wote ni watu wema. Hakusema kwamba dhuluma za jana zisahauliwe. Alichokikataa ni kwamba mtu ahukumiwe kwa asichokichagua, yaani kwa kuzaliwa kwake. Aidha, waliompinga walisema waliyotaka kusema, yakaandikwa katika kumbukumbu za Bunge, yakajibiwa hapo hapo. Aliyeweka kitu mizanini alikuwa yeye mwenye cheo. Mnyonge aliyekuwa akijadiliwa hakuambiwa astahimili. Mwenye wingi na nguvu ndiye aliyeambiwa ajizuie.

Na Mtemvu je? Novemba 1962, katika uchaguzi wa kumpata Rais wa kwanza wa Jamhuri, alisimama dhidi ya Nyerere. Nyerere alipata kura 1,127,978. Mtemvu alipata 21,276. Mwaka uliofuata alirejea TANU. Hapa ndipo tulikumbuke sharti la Popper. Siasa ya kubagua kwa rangi ilikuja mbele ya wananchi ikiwa na chama, na mgombea, na wito unaovutia masikio, na wananchi wakaikataa kwa hoja na kwa kura. Haikuhitajika pingu.

Lakini pingu ilikuwa imekwisha kufuliwa. Miezi miwili kabla ya uchaguzi huo, Septemba 1962, Bunge lilipitisha sheria ya kuweka watu kizuizini. Sheria hiyo ilimpa mkuu wa nchi uwezo wa kumfungia mtu bila ya kumfikisha mahakamani, kwa kuona tu kwamba mtu huyo ni hatari kwa usalama, na amri yake haikuruhusiwa kuhojiwa na mahakama yoyote. Nyerere mwenyewe alikuwa amejiuzulu uwaziri mkuu mwezi wa Januari, na Rashidi Kawawa ndiye aliyekuwa akiongoza serikali. Lakini Desemba ile ile Nyerere akawa Rais, na sheria ikawa mkononi mwake. Yafaa kukumbuka kwamba mwaka 1958 wakoloni walimshitaki yeye kwa maandishi ya kuwakashifu maofisa wa serikali, akatozwa faini ya shilingi 3,000 badala ya kifungo. Mkoloni, pamoja na ubaya wake wote, siku ile alimpa mshitakiwa hakimu, wakili na nafasi ya kusema. Sheria ya 1962 haikumpa mtuhumiwa hata kimoja kati ya hivyo.

Uadilifu unatutaka tuzitaje sababu zao. Dola ilikuwa changa, wasomi wachache, na majirani wengine walikuwa wakianguka mmoja baada ya mwingine. Januari 1964 wanajeshi wa Tanganyika waliasi, na serikali ikalazimika kuwaomba Waingereza wale wale waje kuuzima uasi huo. Mtu aliyeyaona hayo hawezi kulaumiwa kwa kuogopa. Lakini hofu ina tabia ya kupanua mpaka wake. Baada ya uasi ule walikamatwa mamia ya watu, wakiwamo viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Christopher Kasanga Tumbo, aliyeacha ubalozi London ili aunde chama cha upinzani kisha akakimbilia Kenya, alirudishwa mwaka huo akatiwa kizuizini. Mwaka 1965 katiba ikatambua chama kimoja tu, na Mashahidi wa Yehova wakapigwa marufuku. Mwaka 1968 ikavunjwa jumuiya ya ustawi wa Waislamu wa Afrika ya Mashariki, iliyoasisiwa Mombasa mwaka 1945 na yenye shule na misikiti mingi ya kuihesabia, na Bakwata ikaanzishwa. Kila hatua ilikuwa na maelezo yake, na neno lililorudiwa katika maelezo hayo lilikuwa umoja. Mwaka 1961 aliyekatazwa alikuwa mbaguzi anayetaka kumnyang'anya mwenziwe utu wa kiraia. Kufikia mwaka 1968 aliweza kukatazwa hata aliyetaka kukusanyika na wenziwe nje ya mwavuli wa chama. Mpaka ulikuwa umehama kutoka kwenye dhuluma ukaja kwenye utofauti, na aliyeuhamisha ndiye yule yule aliyeuweka vizuri.

Nikiwa mtu wa kutafsiri, siwezi kuyapita maandishi yake ya zama hizo. Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Ya kwanza, kuhusu Kaizari, ilitoka mwaka 1963 na ikarekebishwa mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Ya pili, Mabepari wa Venisi, ilitoka mwaka huo huo wa 1969. Katika Kiingereza jina la hii ya pili linamtaja mfanyabiashara mmoja wa Venisi, ambaye ni Antonio. Katika Kiswahili amekuwa mabepari, tena wengi. Ilikuwa miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na mfasiri alitaka tutazame mfumo wa mali, tusimtazame Myahudi peke yake. Uamuzi huo ulikuwa na maana kubwa, kwani jukwaa la Ulaya lilikuwa limemfanya Shylock kuwa kichekesho na kitisho kwa karne kadhaa, kwa sababu tu ya dini na nasaba yake.

Lakini kazi ya mfasiri ni kuipitia kila sentensi, hata zile ambazo msomaji huziruka. Katika onyesho la mahakamani, baada ya Portia kumshinda Shylock katika suala la ratili ya nyama, Shylock anageuka aondoke. Anaitwa arudi, na sheria nyingine inasomwa: kwamba mgeni akithibitika kuitafuta roho ya raia, mali yake inachukuliwa na uhai wake unakuwa mikononi mwa mtawala. Shylock ana makazi, ana biashara na ana binti hapo Venisi, na bado mbele ya sheria ni mgeni. Mwisho anasamehewa roho yake kwa sharti kwamba aache dini yake. Mahakama iliyohubiri rehema inamaliza kwa kumnyang'anya mtu imani. Mfasiri aliyeiandika sehemu hiyo kwa kalamu yake alikuwa ndiye aliyesimama Bungeni mwaka 1961 kukataa kwamba mtu aliyezaliwa nchini aitwe mgeni. Sidhani kama aliweza kuipita bila ya kutua.

Ugumu wa kuupata mpaka ulionekana tena mwaka 1971, ilipotungwa sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Sheria haikutaja rangi, lakini karibu wote walioathirika walikuwa watu wa asili ya Asia, na wengi walifunga mizigo wakaondoka. Mwaka uliofuata Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda kwa kutaja asili yao waziwazi, na Nyerere akalilaani jambo hilo kuwa ni ubaguzi wa rangi. Tofauti baina ya sheria inayotazama mali na amri inayotazama damu ni ya kweli, wala mimi siidharau. Lakini mtu aliyefungasha virago Moshi au Mwanza hakuipata faraja kubwa katika tofauti hiyo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo msomaji wa visiwani amekuwa akilingojea tangu mwanzo. Abdullah Kassim Hanga alikuwa Waziri Mkuu wa serikali ya Mapinduzi mwaka 1964, kisha waziri katika serikali ya Muungano. Othman Shariff alikuwa kiongozi wa Afro-Shirazi, akawa waziri, akawa balozi nchini Marekani. Wote wawili walitofautiana na utawala wa Mzee Abeid Amani Karume. Mwaka 1969, wakiwa mikononi mwa serikali ya Muungano, walipelekwa Zanzibar. Huko waliuawa. Hakuna mahakama ya wazi iliyowasikiliza, na hakuna kaburi ambalo jamaa zao walikabidhiwa walisomee. Miaka miwili haikupita, mwaka 1970, wasichana wa Kiajemi waliozwa kwa nguvu Unguja, wazee wao wakiwa hawana pa kushitaki. Serikali ya Muungano iliyostahimili hayo iliongozwa na mtu ambaye, miaka tisa kabla, alitishia kujiuzulu kwa ajili ya kanuni ya kwamba mtu asihukumiwe kwa rangi yake.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha jambo. Tukizungumza juu ya mipaka ya ustahimilivu huwaza kwanza yule msemaji wa chuki, yule mzushi, yule mkorofi wa mtaani: je, tumvumilie mpaka lini? Historia yetu inaonyesha kuwa ustahimilivu uliotugharimu zaidi ulikuwa wa mwenye madaraka kumstahimili mwenye madaraka mwenziwe. Muungano ulikuwa mchanga, Karume hakuwa mtu wa kuambiwa, na kwa ajili ya amani baina ya wakubwa wawili uhai wa wanyonge uliachwa uende. Mzigo uliotakiwa kukataliwa ulibebwa, na ile iliyotakiwa kubebwa, ya rai na jumuiya na dini, ilitupwa chini.

Kwamba Nyerere alijifunza kitu, dalili zipo. Karume alipouawa tarehe 7 Aprili 1972, watuhumiwa kadhaa walikuwa Tanzania Bara, miongoni mwao Abdulrahman Mohamed Babu. Zanzibar iliwataka. Mahakama ya Zanzibar ilimhukumu Babu adhabu ya kifo bila ya yeye kuwapo. Safari hii Nyerere alikataa kuwatoa. Babu akaishi; lakini aliishi kizuizini, bila ya kushitakiwa Bara, hadi mwaka 1978. Haya ndiyo matunda ya sheria isiyokuwa na mahakama: hata rehema yake huja ikiwa na minyororo. Yule yule mtu mmoja aliweza kumtoa Hanga na kumnyima Babu, na katika mara zote mbili hapakuwa na jaji wa kumwuliza kwa nini.

Baada ya kung'atuka mwaka 1985, alirudi zaidi na zaidi Butiama na kwenye kalamu. Mwaka 1996 zilichapwa tenzi zake za Injili nne na Matendo ya Mitume. Jambo hilo halijatafakariwa vya kutosha katika kurasa za ushairi. Utenzi umekulia mwambao na visiwani, mikononi mwa wanavyuoni wa Kiislamu, ukibeba sira za Mtume na visa vya maulama. Mkatoliki wa Kizanaki, aliyekikuta Kiswahili darasani, alikichukua chombo hicho akakipakia Injili, na chombo hakikuzama. Bahari yake ni ile tuijuayo, vipande vinne vya mizani nane nane, vitatu vikiwa na kina chao na cha nne kikirudi kwenye kina cha utenzi mzima. Kwa asiyeizoea, nimetunga ubeti mmoja wa mfano kwa ajili ya makala haya:

Mtu usimuhukumu
kwa ngozi wala kwa damu,
tendo ndilo lenye sumu,
ndilo la kulizuia.

Sijasikia kwamba wanavyuoni wetu walikasirika kwa utenzi kutumiwa hivyo. Huo nao ni ustahimilivu, tena wa daraja ya juu: kumwona mwenzio akitumia kilicho chako kwa jambo lisilo lako, ukafurahi kwamba kimemfaa.

Katika miaka hiyo ya mwisho alisema mambo mawili yanayohusu mada yetu. La kwanza lilihusu chama kimoja. Mwaka 1990 alitangaza kwamba kuujadili mfumo wa vyama vingi si dhambi, na ulinzi wa mfumo alioujenga yeye mwenyewe ukalegea. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, iliwauliza wananchi. Asilimia 77.2 walitaka chama kimoja kiendelee, asilimia 21.5 walitaka vyama vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi, na nchi ikafuata njia hiyo mwaka 1992. Tume hiyo hiyo iliorodhesha sheria 40 zilizokandamiza haki za watu na zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa, na ile ya kuweka watu kizuizini ilikuwamo. Uamuzi wa kuwasikiliza wachache dhidi ya wengi ni kanuni ile ile ya Oktoba 1961, iliyorudi nyumbani baada ya miaka 30.

La pili lilihusu ubaguzi. Aliufananisha na kula nyama ya mtu: aliyeionja hawezi kuacha. Watakaojitenga wakisema sisi Watanganyika na wao Wazanzibari, alisema, hawataishia hapo. Na Wazanzibari watakaojitenga watagundua kwamba kumbe kuna sisi Waunguja na wao Wapemba. Kwetu maneno hayo yalichukiwa na kupendwa kwa kiasi kinacholingana. Anayeyachukia huuliza, na ana haki ya kuuliza: mbona msemaji hakuyasema mwaka 1969? Swali hilo halilifanyi onyo kuwa la uongo. Methali yetu inatwambia mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nadhani haki hiyo inamfaa hata asiyekuwa mnyonge.

Basi mpaka uko wapi? Kwa ninavyoisoma historia hii, jamii haina budi kumbeba mtu kama alivyozaliwa, kama anavyoamini na kama anavyosema, hata akiwa anachosha. Isibebe kitendo kinachomwondolea mtu mwingine usalama wake, uraia wake au haki yake ya kusikilizwa. Msemaji wa chuki ajibiwe. Akishika panga au akiwatuma wengine washike, ashitakiwe kwa jina na kwa kosa, mbele ya jaji, mchana. Na kazi ya kuuweka mpaka huo isiachiwe wema wa mtu mmoja, hata awe mwema kiasi gani. Nyerere alikuwa na wema kuliko watawala wengi wa zama zake, na wema wake haukumfaa Hanga kitu. Kilichokosekana ni mlango wa mahakama ambao Rais mwenyewe hangeweza kuufunga.

Shule ya Mwisenge ingali inafundisha watoto wa Musoma, na watoto hao hutoka katika nyumba za lugha na dini mbalimbali, kama ilivyokuwa mwaka 1934. Wataelezwa, kama inavyostahili, kwamba hapa alisoma Baba wa Taifa. Natamani siku moja waelezwe yote mawili: kwamba mwanafunzi huyu alisimama Bungeni akakataa raia agawanywe kwa rangi, na kwamba mwanafunzi huyu huyu alitia saini karatasi zilizowafungia watu bila ya hukumu. Mtoto akiyajua yote mawili hatapungukiwa na heshima kwa mzee wake. Atakachokipata ni swali la kumuuliza kila atakayekuja baada yake na kudai kwamba uvumilivu wetu umefika mwisho: uvumilivu wa nani, na kwa nani?